Wiki ya Kutokuwepo

Jumamosi ya tano ya mafunzo, mwalimu mshauri wa chuo aliwaambia wazazi kwamba sasa wakati umefika wa wao kufa. Hakulitumia neno hilo. Yeye alisema "kutokuwepo", kwa sauti ile ya mtu anayekuchoma sindano huku akikuuliza habari za nyumbani. Lakini fundi friji mmoja aliyekaa safu ya nyuma, baba wa msichana aitwaye Hakimu, alinyoosha mkono akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, tufe siku saba halafu tufufuke?" Darasa zima likaangua kicheko, na tangu hapo zoezi likaitwa Wiki ya Marehemu, hata mwalimu mwenyewe akajikuta akilitaja hivyo.

Mke wa fundi friji, aliyekaa ubavuni pake, hakucheka.

Mafunzo yale yalikuwa ya vijana waliofaulu mtihani wa kuingia chuo, ila chuo chenyewe hakikuwa kimewafikiria: wenye usonji, wale ambao herufi huwachezea machoni, na wale wasioweza kukaa kitini dakika tano hata uwape nini. Wazazi waliitwa pamoja nao, maana mwalimu aliamini kwamba anayehitaji kufundwa zaidi ni mzazi. Kanuni za wiki ile zilikuwa chache. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, mzazi akae nyumbani kwake kama kawaida, lakini asimsemeshe mtoto, asimkumbushe jambo, asiguse kitu chake. Mtoto naye asimsemeshe mzazi. Aamke mwenyewe, apike, afue, na kila siku apande basi mpaka maktaba ya chuo, akae saa moja, arudi. Jioni aandike daftarini yaliyompata. Moto na damu tu ndivyo vingevunja kanuni. Atakayeweza angepewa chumba cha peke yake kwenye kona ya bweni, mbali na makelele, na vyumba hivyo vilikuwa vitatu tu. Atakayeshindwa angesubiri mwaka mzima.

Jina la Hakimu alipewa na watoto wa mtaani. Akiwa na miaka sita alikuwa akisimamisha mchezo wa kujificha katikati ili atangaze nani kavunja kanuni, na hakuwa na upendeleo, maana siku moja alijitoa mwenyewe kwa sababu alichungulia. Sasa alikuwa na miaka kumi na minane, anakwenda kusomea takwimu, na bado hakuwa na upendeleo.

Mama yake alikuwa karani wa masjala ya hospitali. Miaka ishirini na miwili amekaa kati ya rafu za mafaili, na madaktari walimtania kwamba siku ya kiyama malaika watapita kwanza kwake kuuliza nani yuko wapi. Hakuna faili lililowahi kumpotea. Aliyempotea ni mtu, mdogo wake wa kiume, na picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, kijana mwembamba aliyetazama pembeni kidogo ya kamera, kama Hakimu anavyotazama. Alikwenda chuo akiwa na umri huohuo wa Hakimu, hakurudi. Wakati ule hakuna aliyejua neno usonji. Walisema tu ana mambo yake. Nyumbani, mtu akiuliza habari zake, jibu lilikuwa moja: chuo kilimla. Basi, mazungumzo yanaishia hapo, na mtu mwenye adabu anaomba maji ya kunywa.

Hakimu alikulia chini ya jibu hilo.

*

Mama Hakimu alichukua likizo ya wiki nzima ili afe vizuri. Siku ya kwanza ilikwenda salama, na usalama huo ndio uliomtisha. Saa kumi na mbili na robo kengele ililia chumbani kwa Hakimu, ikazimwa. Maji yakamwagika bafuni. Yai likachemshwa dakika nane kwa saa. Mama alikuwa amekaa jikoni ameikalia mikono yake, kama mwalimu alivyomwelekeza ("Mama, mikono ikikuwasha, ikalie"). Hakimu alipitisha mkono juu ya bega lake akachukua chumvi bila kumtazama. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anatii kanuni, na katika kutii kanuni hana mpinzani.

Alichukua kadi yake ya basi kwenye msumari wa mlangoni, akazima taa zote, akatoka. Na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu, akafunga mlango kwa nje, akaondoka na ufunguo.

"Mama Hakimu, tumezikwa rasmi," alisema fundi friji gizani.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Uko kwenye gari. Gari liko nje. Na mteja wangu ananisubiri saa tatu na nyama yake inayeyuka."

Baba alitoka kwa dirisha la stoo, akachana suruali, na siku nzima akawasimulia wateja wake kwamba yeye ni marehemu aliyetoroka. Yeye kifo kilimkubali. Alimpita mwanawe sebuleni akipiga mluzi, akala chakula chake, akalala fofofo. Kuna watu Mungu amewaumba hivyo, na ukiishi nao unawashukuru na kutamani kuwapiga kwa wakati mmoja.

Mama hakupata bahati hiyo. Siku ya pili alipiga chafya mbele ya Hakimu, na Hakimu hakugeuka. Alidondosha kijiko makusudi, Hakimu hakugeuka. Jioni alikuwa amekaa sebuleni akisoma, binti akaingia, akaangaza macho chumbani, akaona hakuna mtu, akazima taa. Mama alibaki gizani na kitabu mapajani. Akanyoosha mkono akajigusa shavu. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akahisi kwamba kwenye kile kiti kingine amekaa mtu. Hakuona kitu. Alijua tu namna kiti kinavyokuwa kikikaliwa na mtu asiyependa kuegemea, na mdogo wake hakupenda kuegemea.

"Niache," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu siye wewe."

Usiku ule hakulala vizuri.

Siku ya tatu alitenda jambo ambalo mwenyewe angekuapia kwamba ni mkono uliokwenda peke yake. Hakimu alikuwa anaoga kabla ya kulala. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, saa ya kengele iko mezani, pembeni kabisa ya kitabu. Mama akaingia, akaichukua, akairudisha nyuma dakika arobaini, akaiweka kwenye droo ya soksi. Mwanamke ambaye kazini angemfokea daktari bingwa kwa kurudisha faili rafu siyo! Akatoka kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Kesho yake kengele haikulia kwa wakati. Hakimu aliamka hivyohivyo, saa kumi na mbili na robo, kwa sababu mwili wake ulikwisha kujifunza. Akasimama katikati ya chumba muda mrefu akiitazama meza. Halafu akaanza kufungua droo, moja baada ya nyingine. Aliipata.

Basi ungetegemea mama ashtuke, atubu, akae. Thubutu! Asubuhi ileile, binti alipokuwa anapiga mswaki, mama aliitoa kadi ya basi kwenye msumari akaisukuma chini ya kitambaa cha meza.

Hakimu alifika mlangoni, akanyoosha mkono kwenye msumari, mkono ukakuta hewa. Akajaribu tena, kama mtu anayedhani amekosea shabaha. Akatazama sakafuni, akatazama mfukoni, akatazama msumari. Kisha akaketi chini palepale, akaziba masikio kwa viganja, akaanza kuyumba mbele na nyuma, akitoa ile sauti yake ya chini ambayo mama aliijua tangu akiwa mchanga. Mama alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ngumi mdomoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu ulikuwepo, hilo mtu asimnyime. Lakini tuseme na la pili, maana bila hilo hadithi hii haina kazi: alipata na raha. Alijiambia, si unaona? Hawezi. Atakaa nyumbani. Atakuwa hai.

Dakika kumi na moja zikapita. Hakimu akaondoa viganja masikioni. Akanyanyuka, akafungua begi, akatoa ramani aliyoichora mwenyewe, akaifuata kwa kidole. Halafu akatoka, akafunga mlango, akaenda chuoni kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi. Alirudi kisigino kimechubuka. Alikiosha, akakifunga bendeji, akachukua daftari na rula.

Usiku ule mumewe alimwambia, mgongo umeelekea ukutani, "Mama Hakimu, nilivyosikia mimi, maiti hazisogezi vitu."

"Sijui unazungumzia nini."

"Haya." Akavuta shuka. "Mimi nimesema tu. Marehemu kwa marehemu."

*

Ijumaa, siku ya tano, Hakimu hakutoka mara moja baada ya kula. Alipima kwa rula umbali wa kila kitu chake: saa mpaka ukingo wa meza, viatu mpaka mlango, daftari mpaka kalamu. Akaandika. Kisha akaja sebuleni, akasimama mbele ya picha ukutani, mikono nyuma, kama anayesimama mbele ya ofisi ya mtu mkubwa. Mama alikuwa jikoni, hatua sita kutoka pale, pazia tu katikati.

"Shikamoo, Mjomba," Hakimu akasema.

Mama alishika ukingo wa sinki.

"Kuna mtu anahamisha vitu vyangu. Mama hayupo. Baba hayupo. Kwa hiyo nazungumza na wewe. Kama ni wewe, naomba uache. Najua chuo kilikula. Kila mtu ananiambia, na wasiponiambia, wananitazama halafu wanakutazama wewe. Mimi pia naogopa. Nikifika maktaba tumbo linauma, kila siku, na siku ile nilipokwenda kwa miguu liliuma zaidi. Lakini kuogopa sikuona kwenye kanuni kwamba ni kosa. Nimejifunza kupanda basi. Nimejifunza kumwambia mtu asiyenijua kwamba taa zikiwa kali siwezi kusikia. Ulikuwa na nafasi yako, Mjomba. Samahani kwamba ilikuwa mbaya. Hii ni yangu."

Akasubiri kidogo, kwa heshima, kama jibu lingekuja. Halafu akaenda zake chuoni, kwa miguu tena.

Mama Hakimu aliteleza taratibu mpaka akakaa kwenye vigae vya jikoni. Alilia kilio cha mtu aliyezoea kutosikika. Alipomaliza alikwenda kwenye meza, akainua kitambaa, akairudisha kadi kwenye msumari wake. Siku mbili zilizobaki aliikalia mikono yake mpaka ikafa ganzi.

*

Jumatatu walikuwa wanne katika ofisi ya mwalimu: mwalimu, fundi friji, mkewe, na Hakimu aliyechagua kiti cha mbali na dirisha kwa sababu ya mwanga. Mwalimu alimwomba asome daftari lake. Hakimu akasoma, bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Siku ya tatu, hakuna tatizo. Siku ya nne, saa ilikuwa kwenye droo, imerudishwa nyuma dakika arobaini. Kadi ya basi haipo. Nilikaa chini dakika kumi na moja. Nilikwenda kwa miguu. Siku ya tano, nilizungumza na Mjomba. Niliporudi kadi ilikuwepo. Hitimisho. Nyumba yetu ina mzimu. Mzimu hauna nia mbaya, lakini haufundishiki. Naomba nihamie bwenini kabla ya tarehe ya kufungua chuo, kwa sababu nyumbani siwezi kufanya mazoezi."

Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena. "Hakimu," akasema, "unaamini ni mjomba wako?"

"Hapana. Mjomba hajui kadi yangu inakaa wapi. Ni Mama."

Fundi friji alitazama viatu vyake.

"Sasa kwa nini ulizungumza na mjomba?"

"Kwa sababu kanuni inasema Mama hayupo, na haturuhusiwi kumsemesha. Mjomba pia hayupo, lakini yeye hakuwekewa kanuni. Na jikoni mtu akiwepo anasikia." Akageuza ukurasa, akaona hakuna kingine, akafunga daftari. "Nilitaka asikie."

Hapo kila mtu alimgeukia Mama Hakimu. Angeweza kukana. Angeweza kusema mtoto amechanganyikiwa, na wapo ambao wangemsadiki, maana watoto kama hawa hawakosi watu wa kuwasemea. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kumsemea. Mdomo wake ulifunguka kwa ajili hiyo, na kilichotoka kikawa kingine.

"Ni mimi," akasema. "Na siyo mara yangu ya kwanza."

"Ulihamisha na vitu vingine?" Hakimu akauliza, akichukua kalamu.

"Hapana, mwanangu. Mjomba wako nilimlea mimi. Nilikuwa namwamsha kila siku. Namvalisha. Nikimwona anatafuna kola ya shati najua ana njaa, nampa chakula kabla hajasema. Wakimuuliza kitu, najibu mimi. Watu walinisifu! Dada kama huyu hajapata kutokea. Na alikuwa na akili, alifaulu kuliko sisi wote. Nikampangia sanduku, nikampeleka mpaka bwenini, nikarudi nyumbani nikafurahi. Sikumwambia kwamba chakula cha bwenini kina saa zake. Walisema siku tatu za kwanza hakula. Hakujua kuuliza, hajawahi kuuliza maisha yake yote, nilikuwa nauliza mimi. Alikaa siku kumi na tisa. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa mlinzi alimwona anatoka getini, viatu mkononi. Basi. Hakuonekana tena."

"Kwa nini viatu mkononi?" Hakimu akauliza.

Fundi friji, ambaye kwa miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kuisikia habari hii, alimwekea mkewe mkono begani.

"Vilikuwa vya kamba," mama akasema. "Hakujua kufunga kamba. Nilikuwa namfungia mimi."

Hakimu alikuwa anaitazama pembe ya meza, midomo ikitembea, kama anapokagua hesabu aliyoikuta ina kosa.

"Basi siyo chuo," akasema.

"Siyo chuo."

"Mlisema chuo kilimla."

"Tulisema hivyo. Nilisema mimi, wengine wakafuata."

"Mimi nimeogopa chuo tangu nina miaka minne," Hakimu akasema. Sauti haikupanda, lakini mikono yake ilikuwa imeshika daftari mpaka vidole vimepauka. "Kila siku. Nilikuwa najua nitakwenda, na nilikuwa najua kinakula watu kama mimi. Nilikuwa nafanya hesabu za nini nitafanya kikianza kunila. Miaka kumi na minne, Mama. Ungeniambia ni kamba, ningejifunza kamba."

Mama Hakimu aliinamisha kichwa. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Yeye yalimuumbua akiwa hai, mbele ya mtu aliyemficha, na hakuwa na pa kuuweka uso.

Mwalimu alivuta fomu kutoka kwenye droo. Chumba cha kona kilikuwepo, akasema, na Hakimu angeweza kuingia Jumatano. Ilihitajika saini ya mzazi.

"Naomba kuongeza kanuni," Hakimu akasema.

"Sema."

"Mama asije kunitazama mpaka siku ya ishirini. Nikae siku kumi na tisa peke yangu. Nikizivuka, ataamini."

Mwalimu akamtazama mama. Mama alichukua kalamu akatia saini, na mwandiko wake, ambao hospitali nzima iliusifu, siku ile ulikwenda upogo.

*

Mama Hakimu alizimaliza siku kumi na nane. Sitawasimulia moja moja, kwa sababu zilifanana: kazini, nyumbani, simu mkononi haipigwi, mumewe akimwambia ale. Siku ya kumi na tisa aliamka na baridi mwilini. Mchana aliweka mafaili matatu rafu siyo. Saa tisa aliaga kazini kwamba kichwa kinamuuma, akasema anakwenda nyumbani, na miguu ikampeleka getini pa chuo.

Alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha vocha za simu. Alijua anavunja kanuni. Alijiambia atatazama tu. Wanafunzi walitoka, wawili wawili, watano watano, na kila uso ambao haukuwa wa Hakimu ulimpunguzia pumzi. Mlinzi wa geti alipiga miayo. Labda yule mlinzi aliyemwona mdogo wake naye alipiga miayo siku ile.

Halafu Hakimu akatoka. Alikuwa na msichana mwingine mfupi, mwenye kofia, ambaye alikuwa anazungumza bila kupumua. Hakimu alimsikiliza akitazama pembeni, kisha akasema neno, na yule mfupi akacheka mpaka akashika tumbo. Walivuka barabara moja kwa moja kuelekea kibandani.

Hakimu alimwona. Hapakuwa na shaka. Macho yalifika kwa mama yake, yakatua, kitu kama nusu ya pumzi. Mama akafungua mdomo.

"Vocha mbili," Hakimu alimwambia mwenye kibanda. Akalipa, akapokea, akampita mama yake karibu kiasi cha bega kugusa bega.

"Yule mama vipi, mbona analia?" mwenzake akauliza walipokuwa wamekwisha kupita.

"Mama gani?" Hakimu akasema.

Mama Hakimu aliwatazama mpaka wakaingia getini. Akafuta uso kwa kiganja, akaanza safari ya kurudi nyumbani, polepole, akiwapisha watu wote njiani.